Babu wa kununua

"Babu yako alizaliwa wapi?" Hapa kwetu Goma ulizo hilo si la salamu. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilidai mutu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya inchi hii tangu 1885. Nani ku Kivu alikuwa na karatasi ya 1885? Ulizo hilo pamoja na lile la mashamba vilimwanga damu, na wenye kuona Masisi ya 1993 hawana haja ya kuelezwa. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 ndiyo iliyosogeza mwaka mupaka 1960, mwaka wa uhuru.

Leo ulizo lile lile limerudi kwa mulango mwingine. Kuko vijana wanaotafuta babu ili wapate pasipoti ya inchi ya mbali, na kati yao kuko watu wa trans. Mutu wa trans ni yule aliyeandikwa mwanaume siku ya kuzaliwa lakini anajijua kuwa mwanamuke, ao aliyeandikwa mwanamuke na anajijua kuwa mwanaume. Ku Marekani, tangu Rais Trump asaini amri ya tarehe 20 Januari 2025 kwamba serkali yake inatambua jinsia mbili tu, zile za kuzaliwa nazo, kuko wenye kufungua masanduku ya bibi zao kutafuta hati za Ireland ao Italia. Habari hiyo imefika mupaka huku. Na pahali penye woga, wauzaji hawakosi.

Wasomaji wengine watakunja uso: habari hii inatafuta nini katika ukurasa wa wachimbaji? Inatafuta watoto wetu. Mutoto anayefukuzwa nyumbani Munigi ni mutoto wa mutu fulani aliye ndani ya shimo Rubaya ao Bisie, na mara nyingi baba anapata habari wakati mutoto amekwisha kwenda na feza ya familia imekwisha kuliwa.

Wachimbaji wanajua bariere. Unasimamishwa, unatoa karte ya uchaguzi, kwani ndiyo kitambulisho chetu kwa miaka hii yote. Ndani yake kuko jina, picha na jinsia. Sasa fikiri mutu ambaye karte inasema M, lakini sura, sauti na nguo vinasema kitu kingine. Kwako bariere inakula mia tano ao elfu moja, kisha unapita. Kwake inaweza kuwa mwisho wa safari. Na hawezi kusahihisha karte: sheria ya jamaa ya 1987, iliyogeuzwa 2016, inaruhusu tribinali kubadilisha jina ikiwa kuko sababu ya haki, lakini kwa kubadilisha jinsia haikuweka njia yoyote. Congo haina sheria inayosema waziwazi kwamba kuwa mutu wa trans ni kosa. Iko article 176 ya sheria ya azabu, ile ya kuvunja adabu mbele ya watu, na kwa hiyo wanashikwa. Wengi hata hawafiki ku polisi, kwani avenyi yao imekwisha kuwahukumu kwa mawe.

Basi wanakimbia. Zamani njia ya kwanza ilikuwa Kampala, kwani sisi wote tuko na ndugu kule. Lakini tangu Rais Museveni asaini ile sheria ya Mei 2023 juu ya mapenzi ya jinsia moja, yenye kifungo cha maisha na hata azabu ya kifo kwa makosa fulani, Kampala si pahali pa kujificha. Mutu wa trans anahesabiwa ndani yake, apende asipende. Burundi nayo iliweka azabu tangu 2009. Rwanda haina sheria ya namna hiyo, lakini kukosa sheria ya kukufunga hakukupatie nyumba wala kazi.

Hapo ndipo muuzaji wa babu anaingia. Anauliza: kwenu hakukuwa muzungu? Na ku familia za wachimbaji jibu linaweza kuwa ndiyo. Wakati wa MGL na Symétain, mbele ya Sominki kuzaliwa 1976, wazungu wa kampuni walizaa na mama zetu. Watoto hao, wale métis, serkali ya kikoloni iliwanyang'anya mama zao na kuwapeleka ku misioni. Waziri mukubwa wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi katika bunge lao tarehe 4 Aprili 2019. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Bruxelles iliamua kwamba kuwanyang'anya mama tano waliozaliwa huku kwetu ilikuwa kosa juu ya ubinadamu, na Ubelgiji ikaamriwa kuwalipa. Kwa hiyo muuzaji anasema: unaona, mulango umefunguka!

Haukufunguka. Malipo ya wale mama si pasipoti ya wajukuu. Kwa sheria ya Ubelgiji, baba anapaswa kukutambua mbele ya wewe kufika miaka 18. Na kama mzazi wako Mubelgiji naye alizaliwa inje ya Ubelgiji, alipaswa kukuandikisha mbele ya kufika miaka mitano. Mutu wa miaka 25 ku Munigi, mwenye babu muzungu aliyekufa bila kuandika kitu, hana kitu cha kupeleka ku balozi. Italia, ambako zamani ulipanda mupaka kwa babu wa babu, ilikaza mwaka wa 2025: njia inaishia kwa babu. Zaidi ya hayo, lava ya Januari 2002 iliunguza nyumba nyingi za Goma pamoja na masanduku yaliyokuwa ndani. Na sheria yetu wenyewe ya 2004 inasema uraia wa Congo ni mumoja, hauchanganyiki na mwingine. Hilo muuzaji halisemi kamwe.

Sisi tunasema wazi: mwenye kuchukua dola za mzazi juu ya babu wa namna hiyo ni mwizi, na anaiba kwa watu wasioweza kumshitaki, kwani kumshitaki ni kujitaja.

Kuko njia nyingine, na haiombi babu. Ni kukimbilia, kwa mapatano ya Geneva ya 1951. Pale hawakuulize ulizaliwa na nani, wanakuuliza unaogopa nini, na kwa nini serkali yako haiwezi kukulinda. Inapita ku HCR ao ku ofisi za inchi uliyofikia. Ni ndefu, wengi wanakataliwa, lakini fomu yake haiuzwi. Ukiombwa feza kwa kuandikwa, toka.

Na kwa ndugu mchimbaji tuko na neno moja. Katiba, kwa article 16, inasema mutu ni mutakatifu na serkali iko na deni la kumulinda. Tumengojea serkali kwa mambo mengi, tunajua inavyofika. Mbele yake kuko wewe. Hatukuombi uelewe yote leo, wala ubadilishe imani yako. Tunaomba mutoto asilale ku mawe ya lava juu yako, na vijana wa avenyi wajue kwamba kumupiga yeye ni kupiga nyumba yako.

Wazazi waliokwisha kutoa feza, waende wawili wawili kuomba risiti kwa yule aliyeichukua, na jina la babu aliyemupata liandikwe juu yake.