Muhogo, virusi na mpaka: Kenya, Uganda na Tanzania zafuata njia tofauti

Mkulima wa muhogo katika ukanda wa Ziwa Victoria aweza kukaa karibu mwaka mzima akitazama shamba ambalo majani yake hayaoneshi dosari kubwa, kisha siku ya kung'oa akakuta mizizi imejaa mabaka makavu ya rangi ya kahawia, haifai kuliwa wala kuuzwa. Huo ndio ugonjwa wa michirizi kahawia. Uliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, na kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa tatizo la pwani. Mwaka 2004 ulizuka nchini Uganda, katika nyanda za juu ambako haukutarajiwa. Tangu hapo umeenea magharibi mwa Kenya, kanda ya ziwa nchini Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo.

Tumaini jipya la kuukabili limetoka mahali ambapo wakulima wengi wasingetazamia: namna mmea unavyojitengenezea protini.

Ndani ya kila seli, maagizo ya jeni hunakiliwa katika uzi uitwao RNA ujumbe, na uzi huo husomwa na ribosomu, ambayo ni karakana ya protini. Lakini ribosomu haianzi kusoma hivi hivi. Kichwani mwa uzi mna alama inayofanana na kofia, na ziko protini maalumu zenye kazi ya kuishika kofia hiyo na kuileta ribosomu mahali pake. Hivyo ndivyo vianzishi vya tafsiri, na kinachotajwa sana ni kile kinachojulikana kama eIF4E. Kutengeneza protini humgharimu mmea nguvu nyingi, kwa hiyo giza linapoingia, joto linapozidi au mizizi inapofunikwa na maji, mmea hulegeza kazi hapo hapo mlangoni, kabla usomaji haujaanza.

Mlango huo huo ndio unaotumiwa na adui. Virusi viwili vinavyosababisha michirizi kahawia havina karakana yao. Kichwani mwa RNA yao, mahali pa kofia, pamebandikwa protini ndogo inayojishikiza kwenye vianzishi vya mmea, na muhogo ukaanza kumtumikia mgeni. Kianzishi kikibadilika umbo kidogo, mgeni hukosa pa kushika. Wakulima wa pilipili, saladi na shayiri wamenufaika na kinga ya aina hiyo kwa miaka mingi, nao wazalishaji wa mbegu waliichagua zamani kabla hawajajua siri yake. Mwaka 2016 watafiti wa Israel waliihariri jeni ya eIF4E katika tango, wakapata kinga dhidi ya virusi kadhaa, kimojawapo kikiwa wa ukoo mmoja na vile vya muhogo.

Kwa muhogo wenyewe mambo yamekuwa magumu zaidi. Mmea huu una protini tano za jamii hiyo. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wamezizima jeni mbili kati ya hizo, nCBP-1 na nCBP-2. Dalili zilipungua na kiasi cha virusi mizizini kikashuka, lakini ugonjwa haukutoweka. Kuzizima zote tano si jawabu, kwa kuwa mmea usio na vianzishi hivyo hauwezi kuishi.

Sheria nazo zinavutana. Kenya ilitoa mwongozo wa uhariri wa jeni mwaka 2022, unaofungua njia ya kulichukulia zao lisilobaki na jeni ya kigeni kama zao la kawaida, baada ya kuchunguzwa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo serikali iliondoa marufuku ya miaka kumi dhidi ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, hatua iliyopingwa mahakamani. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha muswada wa bayoteknolojia mwaka 2017, Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia saini; uliofuata, wa mwaka 2018, nao ulirudishwa. Tanzania iliagiza Novemba 2018 majaribio ya mahindi ya aina hiyo yasimame huko Makutupora, Dodoma, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kufuta majaribio hayo.

Mwongozo wa Kenya unaonekana kuwa rafiki kwa muhogo, lakini ndani yake mna kikwazo ambacho wanasiasa hawakitaji. Ili kuhariri jeni, kwa kawaida watafiti hupachika kwanza kifaa cha kukatia ndani ya mmea. Katika mahindi au mpunga, kifaa hicho huondolewa kwa kuzalisha kizazi kingine kwa mbegu. Muhogo hupandwa kwa pingili, na ukiuzalisha kwa mbegu, watoto hawafanani na mzazi: ladha, ukubwa wa mizizi na muda wa kukomaa hutawanyika. Aina ambayo mkulima aliipenda haipo tena. Kwa hiyo sharti la kutobaki na jeni ya kigeni, ambalo kwa nafaka ni jepesi, kwa muhogo ni mlima.

Wakati huo, aina zinazostahimili zilizopatikana kwa uzalishaji wa kawaida, kama Kiroba wa pwani ya Tanzania na NASE 14 wa Uganda, ndizo zinazowabeba wakulima. Hata hizo huweza kubeba virusi bila kuonesha dalili kali. Inzi weupe huvihamisha kutoka shamba hadi shamba, ila havidumu muda mrefu ndani ya mdudu huyo. Safari ndefu hufanywa na pingili zenyewe, zinazofungwa kwa kamba na kupewa ndugu au jirani msimu wa kupanda. Mafungu hayo huvuka mpaka bila cheti, na hakuna afisa wa forodha awezaye kujua kwa macho lipi lina ugonjwa, wala, siku moja, lipi lilihaririwa.