UCHAMBUZI: Umeme wa joto uthibitishwe kwa vipimo kabla ya kushangiliwa

Joto jingi la injini za magari, tanuri za saruji na majiko hupotea bure hewani. Si ajabu basi kwamba kila dutu mpya inayodaiwa kuligeuza joto hilo moja kwa moja kuwa umeme hupokewa kwa vifijo.

Sayansi yenyewe si ngeni. Thomas Johann Seebeck aligundua msingi wake mwaka wa 1821, na vyombo vya Voyager, vilivyorushwa na Marekani mwaka wa 1977, vimepata umeme wake kwa njia hiyo kwa miongo kadhaa. Hata humu nchini kumeuzwa majiko ya kuni ambayo joto lake huzungusha feni na kuchaji simu.

Tatizo liko kwenye vipimo. Ubora wa dutu hizi hutajwa kwa tarakimu moja iitwayo ZT, ambayo kwa miaka mingi haikupita 1 kwa kiwango kikubwa. Mwaka wa 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzao walitangaza kuwa fuwele ya selenidi ya bati ilifikia takriban 2.6. Wengine waliotumia sampuli za unga ulioshindiliwa walipata matokeo ya chini mno, na mjadala mkali ukazuka. Ilichukua miaka kadhaa kwa baadhi ya watafiti hao kuonyesha kuwa utando wa oksidi ndio uliokuwa ukiharibu sampuli hizo.

Ni muhimu kufahamu kuwa ZT haipimwi kwa kifaa kimoja. Hukokotolewa kutokana na volteji inayozalishwa kwa kila nyuzi ya tofauti ya joto, wepesi wa dutu kupitisha umeme, na wepesi wake wa kupitisha joto. Volteji hiyo huzidishwa kwa yenyewe, hivyo kosa la asilimia 5 hugeuka kuwa la asilimia 10.

Hata upimaji wa ukinzani wa umeme una mtego. Kwa kawaida hutumiwa nyaya nne: mbili za kupitisha mkondo na mbili za kusoma volteji, ili ukinzani wa maungio usihesabiwe. Lakini katika dutu hizi, mkondo wenyewe hupasha joto upande mmoja na kupoza mwingine, na hivyo kuongeza volteji isiyohusika. Mpimaji sharti ageuze mwelekeo wa mkondo upesi kabla joto halijatulia. Aidha, waya wa kupimia joto huweza kunyonya joto pale unapogusa na kutoa jibu la uongo.

Ndiposa mwaka wa 2009 kundi moja chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati lilianza kushughulikia suala hili, na maabara za mataifa mbalimbali zikapima dutu zile zile kisha kulinganisha majibu. Nayo Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani ilitoa sampuli ya rejeleo ya teluridi ya bismuthi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vyuo vyetu vikuu vinavyotaka kuingia katika utafiti huu vianze kwa kupima sampuli ya rejeleo. Nao wafadhili na wanunuzi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, waulize swali hili: ni maabara gani nyingine iliyopata jibu lilo hilo?