Dukkah Haihitaji Hazeli

Mpishi wa mjini anayependa kujaribu mapishi ya watu wengine amekwisha kuambiwa kwamba dukkah ya Misri ni mchanganyiko wa hazeli na viungo. Mapishi mengi huianza hivyo: hazeli kwanza, tena kwa wingi, ndipo ufuta, giligilani na bizari zifuate. Hukumu inayotokana na hapo ni nyepesi. Hazeli ni ghali na hazionekani sokoni, basi dukkah ni chakula cha wenye nafasi. Anayeweza atanunua kichupa kilichotoka nje, asiyeweza aachane nayo. Na anayethubutu kuweka karanga huambiwa kwamba alichotengeneza ni kitu kingine kabisa.

Hukumu hiyo siikubali, na sababu zangu nazitoa Misri kwenyewe.

Mwingereza Edward William Lane aliishi Cairo miaka ya 1820 na tena miaka ya 1830, akavaa na kula kama wenyeji, na mwaka 1836 akachapisha kitabu chake kikubwa juu ya desturi za Wamisri. Humo ameieleza dukkah. Anataja chumvi na pilipili manga, zikichanganywa na zaatar au mnanaa au bizari nyembamba, kisha chochote kati ya giligilani, mdalasini, ufuta na dengu, kimoja au vyote. Kila tonge la mkate huchovywa humo. Isome orodha hiyo tena. Hamna hazeli, hamna lozi, hamna hata karanga. Kilichoshika nafasi yake ni dengu, zile za duara lenye ncha (si choroko, ambazo Kenya huitwa ndengu), na hata hizo mtu aliweza kuziacha.

Hazeli zilitoka wapi basi? Misri si nchi ya hazeli. Uturuki ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya hazeli za dunia, hasa katika milima ya pwani ya Bahari Nyeusi, na aliyezila Cairo alikula kitu kilichosafiri. Claudia Roden, aliyezaliwa Cairo mwaka 1936 katika familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara, aliandika kitabu cha mapishi ya Mashariki ya Kati kilichotoka mwaka 1968, na kwa wasomaji wengi wa Kiingereza hapo ndipo walipoijua dukkah kwa mara ya kwanza. Mapishi ya nyumbani kwao yana hazeli. Lakini Roden huyohuyo anasema kila familia ina dukkah yake, na anakumbuka ile ya kimaskini kuliko zote: chumvi, pilipili manga na mnanaa mkavu uliopondwa, ikiuzwa barabarani katika karatasi iliyosokotwa. Wasomaji waliichukua hazeli ya nyumba moja wakaifanya sheria, na ile karatasi ya barabarani wakaisahau. Mimi naona hapo ndipo kosa lilipoanzia, na mwandishi hana lawama.

Wako pia wanaotetea mapishi yao kwa kumtaja Farao. Ni kweli kwamba mbegu za giligilani zilikutwa katika kaburi la Tutankhamun. Lakini mbegu iliyokutwa kaburini haituambii ilichanganywa na nini, wala ililiwa vipi. Ushahidi huo hauwezi kubeba mzigo wanaoutwisha.

Hapa mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kama hazeli si lazima, dengu si lazima, mnanaa unaweza kuwepo au usiwepo, basi kitu gani kinaifanya dukkah iwe dukkah? Je, kila unga wa viungo utaitwa hivyo?

Hapana. Mpaka upo, na mpaka wenyewe ni kazi yake mezani. Pilau masala huingia sufuriani, hupikwa, hupotelea ndani ya chakula. Dukkah haipikwi tena ikishakuwa tayari. Ni kitoweo. Huliwa na mkate, na siku nyingine mkate na dukkah ndio mlo mzima. Katika miji ya Misri wachuuzi huuza semit, mkate wa duara uliopakwa ufuta, pamoja na yai la kuchemsha na dukkah kidogo, na mtu akishiba hapo anaendelea na kazi zake. Kwa hiyo ni lazima iwe kavu, iwe na chumvi ya kutosha kuusindikiza mkate, iwe imekaangwa ili inukie bila kupikwa tena, na ipondwe kwa kiasi cha kushika kwenye tonge huku jino likikutana na chembe. Ukiyatimiza hayo umetengeneza dukkah, hata kama hazeli hujawahi kuiona. Ukiyakosa, hazeli za kilo nzima hazitakuokoa.

Waaustralia walilielewa hilo mapema. Dukkah ilipowafikia waliipenda mno, wakaitia makadamia, njugu iliyotokea kwao, na hakuna aliyewanyang'anya jina. Makadamia hizohizo zinalimwa Embu na Murang'a. Ufuta unalimwa Lindi na Mtwara, ambako korosho pia zimejaa. Karanga zinalimwa Dodoma na Singida, na Misri kwenyewe karanga hulimwa na kutiwa katika dukkah kila siku. Sioni kwa nini mpishi wa Mtwara ahesabiwe kuwa ameghushi kwa kufanya kile ambacho mwenzake wa Sydney anasifiwa kwacho.

Sasa vipimo. Mimi huchukua kikombe kimoja cha ufuta, nusu kikombe cha karanga au korosho, nusu kikombe cha mbegu za giligilani, vijiko viwili vya chakula vya bizari nyembamba (uzile, kwa watu wa Unguja), kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga nzima na kimoja cha chumvi. Kwa asiyetaka njugu kabisa, dengu zilizokaangwa mpaka zikawa kavu za kumomonyoka zinatosha, na kwa maoni yangu ndizo zinazoukaribia zaidi mkono wa zamani.

Kinachoharibu dukkah nyingi ni kukaanga vyote pamoja. Karanga inataka moto mdogo kwa muda mrefu, dakika kumi na zaidi, mpaka ganda lake jembamba liachie; ukiisugua katika kitambaa na kuipepeta kwenye ungo inabaki safi. Ufuta unataka dakika chache tu za kukorogwa bila kupumzika, na ukianza kurukaruka na kubadilika rangi, uepue, kwa sababu kikaango chenyewe kitaendelea kuukaanga. Bizari nyembamba huungua kabla hujageuka, na ikiungua inakuwa chungu na uchungu huo hauna dawa. Kila kimoja kipite motoni peke yake, bila mafuta, kisha kimwagwe kwenye sinia kipoe.

Kipoe kweli. Karibu nusu ya uzito wa ufuta ni mafuta, na karanga nayo ni hivyohivyo. Ukivisaga vikiwa vya moto, tena katika blenda inayozunguka bila kusita, mafuta yanatoka yote na unaishia na rojo la kupaka mkate. Kwa hiyo nakataa pia ile kauli kwamba kinu kimepitwa na wakati. Katika kinu unapiga, unatazama, unaacha. Giligilani na bizari hupondwa kwanza mpaka zilainike, karanga hufuata na kubaki vipande, na ufuta huingia mwisho, nusu yake ikiachwa nzima. Asiye na kinu anaweza kutumia blenda kwa kuibonyeza na kuiachia, mara chache, chakula kikiwa baridi. Itafaa, ila itataka macho zaidi.

Kuhusu karanga kuna jambo moja ambalo silifanyii masihara. Sumukuvu hutokana na ukungu unaoshika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu, na kukaanga hakuiondoi yote. Chagua karanga moja moja kabla ya moto. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye dalili ya ukungu itupwe, wala isipewe kuku. Anayenunua dukkah iliyokwisha kusagwa hana nafasi ya kuchagua hivyo.

Hata kichupa kizuri kina udhaifu ambao bei haiuondoi. Mbegu nzima huifungia harufu yake ndani. Ikishapondwa, harufu inaanza kuondoka, na mafuta ya njugu yanaanza kukutana na hewa mpaka yatoe ile ladha ya mafuta ya zamani. Kichupa kilichosafiri miezi kadhaa na kukaa rafuni miezi mingine kinakuuzia hazeli, lakini giligilani imeshakuaga. Ya nyumbani iponde ya kutosha wiki mbili, uifunge vizuri mbali na jua.

Na usingoje mafuta ya zeituni ndipo uile. Mkate uliochovywa mafuta ya ufuta au ya alizeti unaishika vizuri, chapati ya moto inaishika bila mafuta yoyote, na kwenye muhogo wa kuchemsha au yai lililokatwa katikati inanyunyizwa tu na vidole.