Nyuzi Nne za Besi na Sauti ya Waamini



Si desturi ya ukurasa huu kuzungumzia nyuzi za gitaa. Hapa huwa tunatafakari Neno, ndoa, kazi na ujirani mwema. Safari hii tumeona yatupasa kusema juu ya nyuzi nne za gitaa la besi, kwa maana kwa ajili yake korali yetu ilimpoteza kijana mmoja, na sisi wakubwa ndio tuliokuwa wa kwanza kumkosea.

Mambo yalikuwa hivi. Vijana walichanga fedha Jumapili baada ya Jumapili, wakanunua nyuzi mpya za chuma kisichoshika kutu, zenye kung'aa kama kisu. Siku ya sikukuu, zaburi ilipoanza, besi ilisikika kuliko mwimbaji. Kila noti iligonga matofali ya ukuta na mabati ya paa, ikaturudia. Baada ya Misa tulimwita mpiga besi, tukamwambia mbele ya wenzake kwamba anajitafutia sifa. Hakujibu. Alituonyesha tu ncha za vidole vyake, zilizokuwa zimechubuka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Ndipo tulipoelezwa kwamba siku ile alikuwa ameishusha sauti ya bafle karibu hadi mwisho. Ukali ulikuwa katika nyuzi zenyewe.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kuichunguza kalamu kabla ya kuuhukumu mwandiko wa mtoto. Funzo hilo tulilisahau. Kwa hiyo tulikwenda kuwauliza wapiga gitaa wa Kamalondo na wa Katuba, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa mviringo, uzi huwa na mikwaruzo midogo chini ya kidole, na sauti yake ni angavu, yenye kelele ya chuma. Waya ukiwa bapa, uzi huwa laini kama utepe, na sauti yake ni nzito, ya mviringo, isiyodumu sana hewani. Hapo kale besi ya umeme ilitumia zaidi nyuzi bapa. Mwaka 1966 kampuni ya Rotosound ya Uingereza, ikishirikiana na mpiga besi John Entwistle, ilitengeneza nyuzi za mviringo zenye mlio kama wa piano, na vijana wa dunia nzima wakazipenda. Lakini James Jamerson wa Detroit, ambaye besi yake imo katika nyimbo nyingi za Motown, alibaki na nyuzi bapa, wala hakupenda kuzibadilisha. Hakuna aliyemdharau kwa sababu hiyo.

Jambo la pili ni madini. Chuma kisichoshika kutu hutoa sauti kali na hula vyuma vya shingo ya gitaa upesi. Chuma kilichopakwa nikeli ni cha wastani, kwa sauti na kwa vidole. Nikeli tupu ni ya upole zaidi. Hapa sisi wana wa Katanga tuna la kutafakari. Nyuzi za gitaa lisilo la umeme mara nyingi huzungushiwa mchanganyiko wa shaba na zinki, au wa shaba na bati, na madini hayo yote tunayo: shaba ya Likasi, zinki ya Kipushi, bati la Manono. Lakini sumaku ya gitaa la umeme haiisikii shaba, kwa hiyo msidanganyike kununua nyuzi hizo kwa ajili ya besi ya umeme. Kobalti, kinyume chake, huisikia sumaku vizuri, na kiwanda cha Ernie Ball cha Marekani huuza nyuzi za kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika nchi yetu. Huondoka kwa magunia, nasi tukitaka kuisikia ikiimba inatupasa kuinunua kwa dola. Kijana anayefunga uzi kwenye gitaa ajue kwamba huenda ameshika jasho la ndugu yake wa Kolwezi, asiutupe ovyo.

Jambo la tatu ni unene. Seti ya kawaida huanzia uzi wa milimita 1.1 hivi na kuishia kwenye uzi wa milimita 2.6 au zaidi kidogo. Kwa noti ile ile, uzi mnene huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko mwembamba, nao humchosha haraka mwenye vidole vichanga. Nyuzi nne pamoja huivuta shingo kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 70. Ndiyo maana anayebadilisha unene bila kurekebisha shingo hukuta gitaa limepinda, kisha humlaumu aliyemuuzia.

Basi tuchague zipi? Mafundisho ya Kanisa hayataji chapa ya nyuzi, lakini yametupa kipimo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, unaruhusu ala mbalimbali ikiwa zinafaa kwa ibada na kweli zinawajenga waamini. Maagizo ya mwaka 1967 juu ya muziki mtakatifu yanaongeza kwamba ala zitegemeze sauti za waimbaji, zisizifunike hata maneno yasieleweke. Kwa hiyo maoni yetu ni haya: katika kanisa la matofali na mabati, penye bafle moja na waamini wanaoimba wote, nyuzi bapa, au zile za nikeli zilizokwisha kupigwa miezi kadhaa, ni bora kuliko nyuzi mpya zenye kung'aa.

Tunajua mtakavyotujibu. Mtasema kwamba rumba yetu, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021, haipigwi kwa besi iliyolala, na kwamba katika Misa ya Kizaire, iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, Utukufu huchezwa. Mna haki. Mtume Paulo naye, katika sura ya 14 ya Waraka wa kwanza kwa Wakorinto, anaonya kwamba ala isiyotofautisha milio yake haimfundishi mtu kitu. Besi iliyofifia mno ni kosa pia. Lakini uwazi wa noti hautoki katika ukali wa chuma peke yake. Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, hakuwa na besi ya umeme. Kidole gumba chake kilitunza nyuzi nene, cha shahada kikaimba juu yake, na kila noti ilisikika. Na ndugu zetu wa ng'ambo ya Luapula wameicheza kalindula kwa besi ya kujitengenezea, bila kungoja duka.

Zaidi ya yote, atakayepiga ndiye achague, naye achague mbele ya wale wanaoimba. Mwekeni mzee mmoja na mtoto mmoja nyuma kabisa ya kanisa, waulizeni kama wanasikia maneno. Kisha nyuzi zitunzwe. Nawa mikono kabla ya kupiga, pangusa kila uzi baada ya kupiga, na msiache gitaa bila kifuniko wakati wa vumbi letu jekundu la kiangazi. Wanaochemsha nyuzi kuukuu ili ziamke tena, wazikaushe kabisa, maana maji yaliyobaki ndani huleta kutu. Na wajue kwamba uamsho huo ni wa siku chache tu.

Kuhusu kijana wetu, tulikwenda nyumbani kwao, tukamwomba msamaha mbele ya wazazi wake, kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama tuna nyuzi bapa. Hatukuwa nazo. Tulizipata baada ya wiki tatu, naye akarudi. Sasa zaburi inasikika, na besi iko chini yake kama msingi wa nyumba.

Kwa mkutano wenu wa Jumamosi, tunawaachia maswali mawili. Katika korali yenu, ni nani aliyelaumiwa bila kuulizwa? Na je, mchango wenu ujao utanunua kitu cha kuwafanya ninyi msikike, au cha kuwafanya waamini waimbe?