Gogo la Kilwa, Klarineti ya Ulaya na Karatasi Iliyo Kati Yake



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona tahariri hii ikizungumzia biashara ya ala za muziki. Hukumu ya kuzipiga na kuzisikiliza ina wenyewe wa kuifafanua, na darasa zake zipo misikitini, leo hatuigusi. Tunachokizungumzia ni biashara yenyewe, na sababu yetu ni moja. Klarineti, obo na zumari za mifuko za Waskoti, zinazouzwa na kununuliwa kutoka Paris hadi Tokyo, huchongwa kwa mti uitwao mpingo. Na mpingo wa kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, hutoka Tanzania na Msumbiji. Hutoka Kilwa, Lindi na maeneo jirani, katika ardhi ya vijiji ambavyo wengi wa wakazi wake ni watu wa safu zetu za sala.

Mti huu si mti wa kuchezea. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na ubao wake ni mzito hata ukitiwa majini huzama. Mafundi wa Ulaya huupenda kwa kuwa hukubali kutobolewa matundu madogo madogo kwa usahihi na haubadiliki umbo kwa urahisi. Lakini gogo la mpingo hupinda, huwa na mianya na nyufa, na sehemu yake kubwa huishia kuwa mabaki na vumbi. Kiwanda cha Buffet Crampon cha Ufaransa hata vumbi hilo hakilitupi: hulichanganya na nyuzi za kaboni na gundi, kikatengeneza klarineti nyingine. Klarineti moja ya daraja la juu huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani. Hebu na tujiulize, mwenye shamba alipokea nini gogo lilipoondoka?

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa tueleze habari ya karatasi. Mwaka 2016, nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, ujulikanao kama CITES, zilikutana Johannesburg. Zikaamua kuiweka jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, chini ya udhibiti wa vibali. Kilichosukuma uamuzi huo hasa ni uvunaji mkubwa wa miti ya jamii hiyo kwa ajili ya samani za kifahari nchini China. Klarineti haikuwa mshitakiwa mkuu, lakini ilinaswa katika wavu huohuo.

Tangu tarehe 2 Januari 2017 likatokea jambo la ajabu kidogo. Mpigaji aliyesafiri na klarineti yake mkononi kwenda nchi nyingine hakudaiwa kibali, kwa kuwa mzigo usio wa biashara na usiozidi kilo 10 ulisamehewa. Klarineti ileile, akiiuza kwa mtu wa nchi hiyo hiyo na kuituma kwa posta, ilihitaji kibali cha serikali. Wauza ala zilizotumika wakajikuta hawana ushahidi wa lini na wapi mti ulikatwa, maana aliyewauzia naye hakuwa nao. Watengenezaji, wenye maduka na wapiga muziki walilalamika kwa sauti moja, wakasikilizwa. Mkutano wa Geneva wa Agosti 2019 ulizisamehe ala zilizokamilika, sehemu zake zilizokamilika na vifaa vyake, na msamaha huo ukaanza kutumika tarehe 26 Novemba 2019. Anayeuza gitaa la kale lililotengenezwa kwa Dalbergia nigra ya Brazil asijidanganye, kwani mti huo umo katika orodha kali zaidi tangu 1992 na msamaha haukuugusa.

Sasa, ala iliyokamilika imeachwa huru. Gogo na ubao usiokamilika vimebaki chini ya vibali. Wapo wafanyabiashara wa kwetu wanaonung'unika kwamba huo ni upendeleo kwa Mzungu. Sisi hatuoni hivyo. Karatasi imewekwa pale penye wizi, na wizi haufanyiki dukani Paris. Hufanyika porini, usiku, kwenye lori lisilo na taa.

Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, barabara ya kusini ilifunguka kwa wasafiri na kwa magogo pia. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilieleza kwamba mbao zilizorekodiwa kuingia China kutoka Tanzania mwaka 2005 zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania yenyewe ilirekodi kuzitoa, na ikakadiria kwamba serikali kuu na halmashauri zilipoteza hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kutokana na uvunaji ule. Ikiwa serikali yenye askari na vizuizi ilipoteza kiasi hicho, mkulima wa kijijini alikuwa na lipi? Alilipwa ujira wa kubeba mali ambayo ilikuwa yake.

Wala mnunuzi wa mbali hayuko salama tena. Marekani ilipanua sheria yake iitwayo Lacey mwaka 2008 ili iguse pia mbao zilizovunwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Kampuni ya magitaa ya Gibson ilipekuliwa mwaka 2009 kuhusu mbao za Madagascar, ikapekuliwa tena mwaka 2011 kuhusu mbao za India. Mwaka 2012 ikakubali kulipa dola 300,000, pamoja na dola 50,000 za kuhifadhi miti, ili shauri liishe. Mnunuzi aliyeona hayo hutaka karatasi, na kijiji chenye karatasi kina neno la kusema mbele yake.

Na karatasi hiyo inapatikana. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuweka mpango wa uvunaji, kuuza chenyewe na kubaki na mapato. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu yao ikaingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, jambo ambalo lilikuwa la kwanza kwa misitu ya asili ya wanavijiji barani Afrika. Si kazi ya wiki moja. Panahitajika ramani, mipaka iliyokubaliwa na majirani, hesabu ya miti, na kamati isiyokula.

Hapo kwenye kamati ndipo tunapopaogopa zaidi. Anayesaini leseni jioni kwa niaba ya kijiji huku mkutano mkuu haujui, huyo tunamjua kwa jina, tunaswali naye na tunamwalika kwenye maulidi. Gogo lisilo na alama ya nyundo ya afisa misitu wala hati ya kusafirishia ni mali ya wizi hata likipakiwa na mtu mwenye sijida usoni. Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili kwenye hotuba bila kulizungusha.

Vijiji ambavyo bado havijatenga msitu vianzie ofisi ya misitu ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kabla ya kiangazi, kwa sababu wanunuzi huja barabara zikikauka, na muhtasari wake usomwe kwa sauti mbele ya watu wote kabla haujatiwa saini.