Usikope Ununue Lenzi Ndefu

Wasee, nani alituambia lenzi ndefu ndiyo hupiga wadudu vizuri? Canon 75-300mm haifokasi kitu kama kiko karibu kuliko mita 1.5. Ile 18-55mm STM inayokuja na kamera, tunayoidharau, inafokasi kwa sentimita 25, na kiwavi kwenye jani la mahindi anatokea mkubwa sawa au zaidi, kulingana na toleo la lenzi. Kwa hivyo ukinunua zoom, usiulize tu inavuta mbali aje. Uliza inakaribia aje.

Halafu vumbi. Hapa Bukura, badilisha lenzi kando ya barabara boda ikipita, ushaliingiza kwa kamera. Ukiona madoa meusi, usikimbilie kulaumu lenzi. Weka f/16, piga anga. Doa likikaa palepale kila picha, hata na lenzi ingine, hiyo ni sensa. Betri ikiwa imejaa, ingia menyu ya kusafisha sensa, toa lenzi, elekeza kamera chini, puliza na pampu ya mpira. Mdomo zii, mate yatakwama. Likikataa kutoka, peleka kwa fundi.

Fanya hayo kabla ukope kwa simu. Deni haingoji upate kazi.