Opala isiombe msaada, iuze jina lake

Kila mwaka likizo kubwa inapokaribia, waandishi wa habari wa Kisangani tunaanza kupokea barua. Zinatoka Isangi, Yahuma, Ubundi. Ile ya Opala imefika kwa pikipiki, ama kwa mtumbwi ulioteremka Lomami hadi Isangi kisha ukapanda mto Kongo. Vijana wanaandaa mashindano ya mpira kati ya vijiji. Wanatafuta jezi, mipira, nyavu na chakula cha timu zinazotoka mbali. Barua inamalizika kwa maneno yale yale: tunaomba msaada wenu.

Kabla ya kutufikia, nakala zake zimekwisha kupita kwa kampuni za simu, benki, wenye viwanda vya bia na ofisi za wabunge. Mara nyingi anayejibu ni mwanasiasa. Analeta jezi zenye sura yake, anapigwa picha, anaenda zake. Uchaguzi ukipita, jezi nazo zimekwisha. Uchaguzi mwingine ni 2028. Je, vijana wa Opala wakae kungoja hadi hapo?

Ili kuona kosa liko wapi, tuutazame mchezo ulio mbali kabisa na Opala: gofu. Hapa Kongo wengi wanalijua neno Golf kama jina la mtaa wa nyumba kubwa kule Lubumbashi. Lakini Nairobi kuna mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza 1967. Mhispania Seve Ballesteros aliyashinda 1978. Tangu 2019 yamo katika kalenda ya mzunguko mkuu wa wachezaji wa kulipwa wa Ulaya, na mwaka 2024 zawadi zilifikia dola milioni 2.5. Wakenya wanaocheza gofu ni wachache mno wakilinganishwa na wapenzi wa mpira. Sasa pesa hizo zinatoka wapi?

Zinatoka kwa wanunuzi. Benki ya Absa, zamani Barclays, haikuweka jina lake pale kwa huruma. Kabla ya mashindano kuna siku ambapo wageni wa wadhamini wanacheza pamoja na wachezaji wa kulipwa. Kutembea saa nne uwanjani na mkurugenzi wa kampuni ni nafasi ambayo huipati ukigonga mlango wa ofisi yake. Serikali ya Kenya nayo imejipatia nafasi: mashindano yanaitwa Magical Kenya Open, kwa jina la kampeni yake ya utalii, na kila picha ya televisheni inaitangaza nchi. Waandaaji hawasemi "tusaidieni". Wanasema: hiki ndicho tunachouza, na bei yake ni hii.

Serikali yetu inaielewa vizuri biashara hiyo. Mwaka 2025 ilitia sahihi mikataba na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona. Mkataba wa Barcelona ni wa miaka minne, na vyombo vya habari vilitaja zaidi ya euro milioni 40. Mimi silaumu wazo la kuitangaza nchi. Nauliza jambo moja tu: ikiwa jina la Kongo lina thamani mgongoni mwa nguo za mazoezi za Barcelona, kwa nini likose thamani mgongoni mwa kijana wa Opala?

Tena Opala ina kitu cha kuuza. Juni 2007, watafiti walimkuta tumbili mdogo wa kike nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi, palepale Opala. Wakaaji walimjua tangu zamani, wakamwita lesula. Wanasayansi ndio hawakumjua. Mwaka 2012 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya, akaandikwa Cercopithecus lomamiensis, na sura yake yenye macho kama ya binadamu ikazunguka dunia. Mwaka 2016 ikaanzishwa Mbuga ya Taifa ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema. Ni wilaya ngapi za nchi hii zenye jina kama hilo?

Basi mashindano yaitwe Kombe la Lesula. Shirika la mazingira linalotafuta namna ya kuwaambia vijana waache kumwinda mnyama huyo litawakuta vijana wenyewe wamejaa uwanjani. Kampuni ya simu itawakuta wateja wa vijiji vingi mahali pamoja, kwa siku kadhaa. Mwenye duka la pikipiki Kisangani naye atakuwa na sababu ya kutoa kikombe.

Najua nitaambiwa nini: barabara mbovu, mtandao hafifu, watu hawana pesa. Ni kweli. Hakuna atakayeleta Opala mamilioni ya Nairobi. Lakini jezi na mipira havihitaji mamilioni. Vinahitaji karatasi mbili. Ya kwanza iseme timu ni ngapi, siku ngapi, watazamaji wangapi, na jina la mdhamini litaonekana wapi. Ya pili iandikwe baada ya fainali, ikiwa na picha na risiti za kila franga. Hiyo ya pili ndiyo tunayoikosa. Mdhamini asiyejua pesa yake ilikwenda wapi harudi tena.

Onyo moja. Kampuni za mbao zinazokata miti katika misitu ya jimbo zinadaiwa na vijiji dola 2 hadi 5 kwa kila meta ya ujazo, kwa ajili ya barabara, shule na zahanati. Hilo ni deni. Kampuni ikileta jezi, ishukuriwe, lakini jezi zisihesabiwe mahali pa shule. Mdhamini anatoa kilicho chake, hatoi kilicho chenu.

Vijana wa Opala, barua ya mwaka ujao iandikeni upya. Mstari wa mwisho ufuteni. Mahali pake andikeni bei.